Vitambaa Vyangu na Mwati wa Mikinduri

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Ruracio, siku ya kuleta mahari, ni Jumamosi. Wakwe wanatoka Mikinduri kuposa mjukuu wangu Kananu. Jina ni langu, nilimpa mimi. Kwa hivyo vitambaa vya viti ni vyangu. Kumi na vinne, nimefuma kwa kroshia miaka miwili, macho yakaisha. Sasa Njura, mamake mama ya Kananu, amepiga simu kutoka Githongo. Ati analeta vya nailoni, vya duka. Mwanangu Mutwiri akasema tuchanganye. Huyo hajawahi kukosana na mtu. Nilizaa uji.

Jumatano, 6 Agosti
Njura amefika. Akashika kitambaa changu na vidole viwili. Akauliza kama ni cha kiti ama cha kupangusa sufuria, mbona kimelegea hivyo. Mutwiri akasema Kananu ataamua Ijumaa. Sawa. Nimepika uji mzito wa mahindi wa kuchovya vitambaa, nikatia sukari vikauke vigumu. Sisimizi wakaja. Nikatia chumvi wafukuzike. Kananu akaniambia, shosho, kuna wanga ya kopo dukani. Nikamwambia uji ulikuwa hapa kabla ya duka.

Ijumaa, 8 Agosti
Vimekauka kama bati. Kimoja kimesimama mezani peke yake! Kananu akacheka, akachagua vyangu vyote. Njura akarudisha nailoni kwa mfuko. Nikamuuliza kama amechoka na safari.

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi umande uliingia, vikalainika kidogo. Nikavianika kwa seng'enge karibu na lango. Wakwe wavione kabla ya kuona hata nyumba. Mutwiri alisema nivirudishe ndani. Nikamwambia akachinje kuku.

Wakafika wakiimba, tukawafungia lango kama kawaida, tukajibizana nyimbo. Mimi ndiye niliyeongoza, tena kwa muda mrefu, kwa sababu nilikuwa naimba vizuri. Upande wao, kondoo waliowaleta, mwati ambaye hajazaa na ndurume, dume, walikuwa wamefungwa kwa seng'enge hiyo hiyo. Lango lilipofunguliwa, mwati alikuwa anatafuna cha kumi na moja.

Ningempigaje fimbo? Kondoo wa mahari, wakwe wote wamesimama hapo. Nilivuta. Naye akavuta. Muthamia, msemaji wao, akauliza kama huku kwetu mifugo hulishwa nguo. Watu wakaangua kicheko.

Njura akafungua mfuko wake. Akasema polepole, mama Mutwiri, viti haviwezi kukaa uchi. Akatandika nailoni zake kumi na moja. Vyangu vilibaki vitatu, kimoja kimeng'atwa pembe. Kananu akachukua hicho, akakitandika kwa kiti chake mwenyewe, akakikalia mbele ya wakwe. Sikulia. Moshi ya jikoni ilikuwa nyingi.

Jumapili, 10 Agosti
Sikwenda kanisa. Nimefikiria. Njura aliacha nailoni moja nje usiku kucha na mwati hakuinusa. Mnyama amejua iliyo kazi ya mkono. Kosa ni uji, haukuwa mzito wa kutosha, vililainika na umande nikalazimika kuanika tena.

Harusi ni Desemba. Nimeanza cha kwanza. Safari hii uji utakuwa mzito zaidi, na chumvi mara mbili.

Mwati nimeambia Mutwiri amfunge mahali naweza kumchunga nikifuma. Amemfunga kwa seng'enge, karibu na lango. Pazuri. Hapo ndipo huwa naanika.