Jino Boa

Ijumaa, 31 Oktoba 2025
Nimekwisha! Nilimtumia Ikran picha yangu nikitabasamu, nikamwuliza ananionaje. Amejibu kwa ujumbe wa sauti. Nimesikiliza tena na tena. Anasema jino langu la mbele ni "boa tu". Linaboa! Lilitibiwa mzizi mwaka juzi, maumivu yakaisha, rangi ikaanza kugeuka. Sasa ni la kijivu kama sufuria ya hoteli. Na Jumatano baba yake, Adeer Billow, anataka kuniona soko la mifugo kabla hajakubali posa. Dalali wa ngamia! Kazi yake ni kufungua midomo na kukagua meno. Akinikataa, Shuaib wa duka la manukato anasubiri, na meno yake ni meupe yote.

Jumamosi, 1 Novemba
Nimeenda kwa daktari wa meno. Mama mpole, Mkamba. Amesema weusi uko ndani ya jino, si nje. Atalifungua kwa nyuma, aweke dawa ya kulipausha, alizibe, nirudi baada ya wiki, pengine tena na tena. Wiki! Ameonya nisipake vitu vya dukani. Nimemshukuru sana, nikaenda moja kwa moja dukani. Duka lenyewe, ole wangu, ni la Shuaib. Nimemwambia jeli ya kung'arisha meno ni ya shangazi. Amecheka. Wallahi, yule hata akipiga chafya huonyesha magego.

Jumatatu, 3 Novemba
Jeli inafanya kazi! Ila kwa meno mengine. Yamekuwa meupe pe! La kijivu liko vilevile, na sasa nadhani linaonekana hadi ng'ambo ya mto Tana. Maji baridi siwezi, chai ya moto siwezi. Hooyo, mama yangu, ameuliza nani kanipiga. Nimepaka tena usiku. Labda jino bado halijasikia.

Jumatano, 5 Novemba
Nimefika sokoni nimejifunga kitambaa usoni. Nikasingizia vumbi. Adeer Billow akasema muuzaji akimficha ngamia mdomo, usinunue. Nikafunua. Akainama, akatazama. Jasho! Hatimaye akasema jino bovu moja ni kawaida, lakini hayo mengine yanamtia shaka. Mbona meupe ya kitoto? Nina umri gani hasa? Nani kanisugua nionekane kijana? Nikaitaja jeli. Amecheka mpaka madalali wenzake wakaja kunikagua kwa zamu. Lakini amekubali, alhamdulillahi! Nije Ijumaa na wazee wangu, na nisisahau "bunda".

Jioni Ikran ameniandikia. Alisema jino langu ni POA. Poa! Analipenda, ndilo linalonitofautisha na Shuaib. Ya Rabbi! Huku kwetu P hugeuka B, mimi mwenyewe huagiza "bilau" hotelini, na bado sikung'amua! Nimeteseka bure. Ila sasa nimeerevuka. Hakuna atakayenichanganya tena.

Ijumaa, 7 Novemba
Abti Hamse, mjomba atakayenisemea leo, anashikilia kuwa bunda ni bunda la vikoi, la kugawia wazee wa msichana, kama posa zote. Maskini, mambo ya lugha hayajui. Mimi nishaumwa na nyoka, nikiona ung'ongo nashtuka. Panaposikika B, pana P. Mkwe ametamka wazi kabisa: punda!

Nimemnunua alfajiri. Dume, mwenye nguvu, kamba mpya. Amefungwa mlangoni. Abti ameketi, ameshika kichwa, anasema haendi. Hooyo anasoma dua. Wivu tu! Wasiwasi wangu ni mmoja. Nimemfungua mnyama mdomo kama Adeer Billow atakavyomfungua. Yallah! Meno ni ya manjano yote.

Kwa bahati nzuri jeli imebaki nusu.