Ngao ya Unga wa Ngano

Alhamisi, 4 Desemba 2014. Kasulu.
Tanuri la mikate la Bi Siti limeniunguza tena. Kidole gumba. Jumatatu atachagua wa kulisimamia, mimi au mwenzangu Pasikali. Atakayekosa atakwenda kukata kuni msituni, kwenye mvua hii. Pasikali anasema mtu wa Lindi anajua korosho, moto haujui. Redio jioni: Wamarekani walitaka kurusha chombo angani, hakina mtu, wajaribu ngao ya joto. Upepo umewazuia. Hata wao.

Ijumaa, 5 Desemba.
Kimeruka! Kimezunguka dunia mara mbili, kikarudi kwa kasi mpaka hewa yenyewe ikawaka. Ngao inaungua juu kidogo kidogo, inaondoka na moto, ndani panabaki salama. Nilisimama na beseni la unga mpaka Bi Siti akaniuliza kama naumwa. Nikamsimulia. Akasema Subhanallah. Pasikali akauliza wameleta nini kutoka huko. Hawakuleta kitu. Wamekituma mbali vile wajue tu kama kitaungua.

Jumamosi, 6 Desemba.
Nimewaza. Kinachoungua juu, ndani kikabaki laini, ni mkate. Nimeliviringishia yai unga uliokandwa, nikaliingiza tanurini. Nikalitoa, nikalirusha juu kupita bati la paa, maana pasipo kuruka hakuna jaribio. Likatua kwenye nguo za Pasikali alizoloweka. Akanitukana kwa Kiha. Mkate mweusi, yai zima, hata ufa halina. Nimelila. Limeiva vizuri, kiini kigumu kama nipendavyo. Ngao inafanya kazi.

Jumatatu, 8 Desemba.
Mbele ya Bi Siti nimeuvika mkono wa kulia unga uliokandwa, nikauingiza tanurini kutoa trei bila kitambaa. Nilitulia. Nilijiona niko juu ya mawingu. Kwanza nikasikia harufu tamu, halafu nikausikia mkono. Pasikali ndiye aliyenimwagia maji, akaubandua mkate taratibu, wala hakucheka. Bi Siti alilia. Kisha akasema nafaa msituni, huko hakuna moto.

Jumatano, 10 Desemba.
Naandika kwa kushoto. Mvua imekatika, mbingu iko wazi juu ya miti. Chombo kile kilipita huko kikiwaka, na hakikuungua. Nimeacha kuni, nimetazama mpaka shingo imeuma.
Kosa nimelijua. Unga ulikuwa mwembamba. Yai lilipona, basi mkono nao utapona. Bado ninao mmoja mzima.