Mwenyekiti Afunga Maji

Jumatatu, 5 Februari 2024

Bwana Lesian, mtendaji wa kijiji, amesoma barua mbele ya ofisi. Kamati za maji zinavunjwa. Badala yake kutakuwa na jumuiya moja ya watumiaji maji kwa vijiji vitatu, yenye katiba, fundi aliyesomea na mwenyekiti wa kuchaguliwa. Uchaguzi Jumamosi.

Nimekuwa mwenyekiti wa kamati miaka kumi na tisa. Sijawahi kuchaguliwa. Aliyekuwepo alihamia Babati akaniachia spana. Utaratibu mzuri, hauna ugomvi.

Fundi mwenyewe ni Kaanaeli, binti wa huko bondeni, katoka chuo cha maji juzi tu. Kaniamkia vizuri, akaomba nimwonyeshe mabomba yanapopita ayachore kwenye simu. Nikasema kichwa kinauma. Ramani yote ya maji imo kichwani humo humo, kwa hiyo si uongo kamili.

Jumanne, 6 Februari

Nimempigia ndugu yangu Frederick wa Sekei kuomba ushauri. Amesema mjini maji yakikatika wanapiga simu ofisini, basi. Haelewi mtu mzima anagombaniaje koki. Mji umemharibu.

Nimejishauri mwenyewe. Tangi letu liko juu, karibu na msitu, na lina valvu mbili: moja ya bondeni kwa kina Kaanaeli, moja ya kitongoji chetu cha juu. Nafunga ya bondeni. Wanakaa na kiu siku tatu. Fundi mwenye cheti anahangaika. Ijumaa jioni napanda, nafungua, maji yanarudi, Jumamosi napigiwa kura.

Nimepanda asubuhi na panga, nikikutana na mtu niseme nakata majani ya ng'ombe. Sikukutana na mtu. Nimefunga mpaka spana ikagoma. Kazi safi.

Jumatano, 7 Februari

Maji yamekatika kwetu.

Bondeni yanatoka kwa nguvu ambayo hawajawahi kuiona. Mama mmoja kapasuliwa dumu.

Mke wangu Skolastika ameshuka na ndoo kuomba maji kwa mama yake Kaanaeli. Amepewa mbili, na Kaanaeli kambebea moja mpaka mlangoni. Skolastika kaniuliza mwenyekiti anasemaje. Nimesema tatizo ni la kitaalamu.

Nimepanda tena mbio kufungua. Nimekaza mkono, valvu ikalia kama mfupa, kipini kikabaki mkononi mwangu. Nimekitupa kwenye magugu. Nimeshuka polepole.

Alhamisi, 8 Februari

Sikufikiria zahanati. Naandika hivyo kwa sababu hii ni shajara yangu na hakuna anayeisoma. Zahanati iko kwetu juu, inatumia bomba letu.

Saa nne asubuhi Namnyaki kaletwa akiwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Nesi katoka nje na beseni kavu, akauliza watu waliokuwa pale, bila kupaza sauti, yeye anawe mikono kwa maji gani. Wanawake wakapanga mstari kutoka bondeni mpaka mlangoni, ndoo zikapanda mkono kwa mkono. Nami nikaingia kwenye mstari. Mume wa Namnyaki alikuwa mbele yangu. Kila nilipompa ndoo alisema asante baba. Nilitamani aache.

Kaanaeli kashuka kutoka tangini na tope mpaka magotini. Kasema valvu imevunjika ikiwa imefungwa, mpya mpaka aifuate dukani kwa Bharat mjini, ataiweka kesho. Kisha kanisogelea.

"Baba, hakuna njia nyingine ya maji kufika hapa?"

Ipo. Bomba la zamani, tuliloliziba tulipoweka jipya, linatoka tangini bila kupitia valvu, likapita nyuma ya zahanati chini ya migomba. Wenzangu wa siku zile wamekufa au wamehama, duniani nalijua mimi peke yangu. Nilikuwa nimeliweka akiba kwa hotuba ya Jumamosi.

"Chimba hapo penye mgomba ulioinama," nikamwambia. "Hatua mbili kushoto."

Tumechimba wote wawili. Kizibo kilipotoka yakaja mekundu ya kutu, halafu meupe. Saa nane na nusu mtoto kalia. Wa kike. Nilikaa kwenye migomba peke yangu kwa muda. Jasho liliingia machoni.

Ijumaa, 9 Februari

Valvu mpya imewekwa. Maji yanatoka juu na chini.

Kaanaeli kapita nyumbani. Kanikabidhi kofia yangu, ile yenye jina la kwaya. Aliiokota tangini.

"Baba, sijamwambia mtu," kasema. "Ila Jumatatu naomba unionyeshe mabomba yote."

Nimesema kichwa kimepona.

Jumamosi, 10 Februari

Uchaguzi. Nimeeleza kwa urefu jinsi bomba la zamani lilivyookoa zahanati. Watu wamepiga makofi. Kisha mume wa Namnyaki kasimama akauliza valvu imara vile ilivunjikaje. Nikasema chuma nacho kinazeeka, nikakaa.

Wanawake wa mstari wa ndoo wakampendekeza Skolastika. Alikuwa hajaniambia kitu. Mikono mia na kumi na mbili ikanyooshwa. Yangu ilikuwa mitatu, mmoja ukiwa wangu. Wa Skolastika haukuwemo.

Mbele ya watu wote mwenyekiti mpya kasema, "Baba Joyce, spana."

Nimeitoa.

Jumapili, 11 Februari

Tumetoka ibadani. Nimempelekea mwenyekiti chai, nikagusia kwamba wenyeviti wakubwa huwa na washauri. Amesema jumuiya haihitaji mshauri, inahitaji wachimbaji. Wiki ijayo kuna mtaro mpya wa bomba la shuleni, na jina langu ameshaliandika la kwanza.

Nilinuna mpaka mchana. Halafu nikafikiri vizuri. Kaanaeli atachora kwenye simu, lakini bomba hupita pale jembe lilipopita. Mtaro ukikunja kidogo tu, hatua thelathini hivi, utapita katikati ya kihamba changu, shamba langu la migomba, na hapo hata koki ndogo haitaonekana chini ya majani.

Nimelinoa jembe. Nimemwambia Skolastika najitolea kuongoza wachimbaji. Amenitazama kwa muda mrefu. Nadhani amefurahi.