Dawa ya Nyanya na Safari ya Kampala

Jumatatu, 2 Februari 2009

Wageni wamefika! Madaktari wa Kampala, Nairobi na Morogoro, wote hoteli moja mtaa wa Hai Amarat, hapa Juba. Wanachunguza dawa za kupulizia mboga zinawafanya nini wakulima wa nchi zetu. Kwa upande wa Juba watapima damu za wakulima wa bustani za Gumbo, ng'ambo ya daraja. Wasaidizi wa hapa ni wawili, mimi na Rufus. Mkuu wao, Daktari Sanyu wa Kampala, ametangaza kwamba mmoja wetu atafanywa mratibu na kwenda mkutanoni Kampala. Mmoja tu! Rufus akatabasamu. Ana Kibari, lugha ya wenyeji, ana Kiarabu cha Juba, ana pikipiki. Mimi nina Kiswahili cha Kakuma na suti. Naamini suti itatosha.

Jumanne, 3 Februari

Haikutosha. Matope ya mtoni mpaka magotini. Rufus alivaa gambuti, na wakulima walimzunguka kama bwana harusi. Mimi nilimpata Mama Amer peke yake. Lakini huyo ni wangu. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, tulikuwa majirani, na mama yangu alipofariki ndiye aliyenilisha mpaka nikamaliza shule. Sasa analima nyanya. Dawa anaikoroga kwenye ndoo kwa mkono mtupu, kisha anaibeba mgongoni kwenye bomba linalovuja. Akasema kichwa humuuma kila akipuliza, ila akiacha, wadudu wanamaliza shamba.

“Mama, hii dawa iko mubaya sana,” Daktari Sanyu akamwambia, kwa Kiswahili chake cha Kampala.

Mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni. Nadhani aliniona.

Jumatano, 4 Februari

Nilikuwa napita mlangoni kwa madaktari (napita, si kusikiliza!) nikamsikia daktari wa Nairobi akisema damu za Juba zisipoonyesha kitu, kazi itahamishiwa kwingine. Damu zinachukuliwa Ijumaa. Na upepo umekuwa mkali, Mama Amer hajapuliza siku nyingi! Damu yake itakuwa safi kama maji ya chupa. Hakuna sumu, hakuna mratibu, hakuna Kampala. Lazima mtu afikiri. Rufus hafikiri, anaendesha pikipiki tu.

Alhamisi, 5 Februari

Nimevuka daraja bila kumwambia mtu. Nimemwambia Mama Amer madaktari wanaomba apulize shamba lote kabla ya kupimwa, na dawa iwe nzito.

“Na huu upepo?” akauliza. “Ni daktari amesema, ama ni wewe?”

Nikasema ni daktari.

“Basi, kama ni wewe umeleta neno, mwanangu.” Akajitwika bomba.

Harufu ilinikaba, nikaondoka upesi. Mpango safi. Nimeshapiga pasi shati la Kampala.

Ijumaa, 6 Februari

Mungu wangu.

Tulimkuta amelala katikati ya mistari ya nyanya. Alikuwa ameamka alfajiri kumalizia sehemu iliyobaki. Mate yanamtoka, jasho linamtoka, pumzi inakwaruza. Gauni limelowa dawa mgongo mzima. Nilisimama tu. Daktari Sanyu akanifokea: “Toa hiyo nguo! Osha yeye! Leta sabuni!” Nikamwosha mikono. Mikono iliyonisongea ugali miaka yote ile, na sasa inatetemeka yenyewe.

Rufus alimwita Diriye, Msomali mwenye duka la barabarani. Diriye akarudisha pikapu nyuma kwa haraka, akaponda kreti zake mwenyewe za soda, wala hakugeuka kuzitazama. Darajani malori yamejaa. Rufus akatangulia na pikipiki, akiwapigia kelele madereva wapishe. Wakapisha. Mimi nilikaa nyuma nimekishika kichwa cha Mama Amer, nikimwomba apumue. Kila pumzi nilidhani ndiyo ya mwisho.

Hospitalini wakamchoma sindano juu ya sindano. Daktari Sanyu akauliza ni nani alimwambia apulize na upepo ule. Nikasema naenda kutafuta blanketi.

Jumamosi, 7 Februari

Yu hai! Amefumbua macho. Nilimpelekea uji. Hakuugusa.

“Duop,” akasema, sauti imekwisha, “daktari anasema hakutuma mtu.”

Nikamsogezea uji karibu.

“Ungeniambia unataka kwenda Kampala,” akasema. “Ningekuombea.” Kisha akageukia ukutani.

Daktari Sanyu alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, watu wanapita. Sikujali.

Jumatatu, 9 Februari

Nimefukuzwa. Daktari Sanyu hakupandisha hata sauti. Alisema wamekuja hapa ili mama kama yule asianguke. Rufus ndiye mratibu. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Amekuwa akimwagilia nyanya za Mama Amer asubuhi na jioni. Leo nami nilibeba maji. Nilimkuta bintiye, Nyibol. Akanionyesha kwa kidole mahali pa kumwaga.

Jumatano, 18 Februari

Mama Amer amerudi nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta. Nimeapa mbele ya Mungu: dawa za mboga sitazigusa tena maishani.

Ila kuna habari! Wageni wengine wamefika Hai Amarat, wa Addis Ababa. Wanachunguza mapafu ya akina mama wanaovunja mawe kule mlimani, na wanatafuta msaidizi. Nimejieleza vizuri sana. Shida ni moja. Akina mama hao hujifunga vitambaa puani, tena humwagia mawe maji kabla ya kupasua, kwa hiyo kifua chao hakitaonyesha kitu. Kesho nitawahi kuwaambia waache vitambaa na maji mpaka wageni wamalize. Nitasema ni agizo la madaktari.

Hii si sumu. Ni vumbi tu.