Namba Saba Juu ya Paa la Kanisa

Wadau wa kundi letu la katuni, shikeni viti. Leo nimevuliwa nguo mbele ya soko zima la Mukuyuni, na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Mnajua mjadala wetu wa mwezi huu mzima. Ile katuni ya Kijapani, kijana anarithi nyumba ya nyanya yake na kukuta ndani roboti wa kike wanaopika na kufua. Nusu yenu mnataka aoe Namba Mbili kwa sababu hakosei kitu. Mimi ni wa Namba Saba, yule aliyeunguza wali, akakaa chini jikoni, akaiomba sufuria msamaha. (Ndiyo, nina miaka thelathini na moja. Endeleeni kusoma.)

Sasa, huku kwetu hakuna anayejua naangalia katuni, na aliyepaswa kujua mwisho kabisa ni mamake Mueni. Mueni ni mchumba wangu. Jumamosi hii napeleka ntheo, mbuzi watatu wa kuonyesha kwao kwamba sitanii. Lakini mamake alikuwa bado hajakubali. "Huyo kijana wako ni wa simu," alimwambia Mueni. "Kila saa anachekea simu. Hapo kuna msichana mwingine." Tena tangu shangazi zangu waende kwao na Mueni akaunguza muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, sufuria nzima, yule mama amekuwa akiniangalia kwa jicho la pembeni. Na siwezi kwenda kujitetea. Kwetu Ukambani mama mkwe haongeleshwi ovyo. Kuna nthoni, ile heshima inayofanya ukimwona njiani ukate kona upitie shambani.

Mimi ndiye fundi wa mitambo kanisani. Siku ya soko, kabla ya maombi ya mchana, hucheza nyimbo kutoka kwa simu yangu hadi kwa zile spika mbili kubwa juu ya paa. Leo nikacheza tatu, nikazima wimbo. Wimbo, sio bluetooth. (Shetani akapata mlango.)

Nikaenda kuchukua unga kwa kisiagi, ambacho ukuta wake na wa kanisa ni mmoja. Mashine inanguruma, huwezi kusikia hata jina lako. Nikakalia gunia, nikakumbuka ile sauti niliyowarekodia asubuhi, dakika nne za kumtetea Namba Saba. Nikataka kuisikiza kabla ya kuwatumia. (Napenda kujisikiza. Tuambiane ukweli.) Nikaweka simu sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho! Nikaamua spika ya simu imekufa, nikairudisha mwanzo, ikacheza tena karibu yote huku nikiigonga kwa goti.

Mahindi yakaisha. Mwenye kisiagi akazima mashine.

Na juu ya paa nikasikia sauti yangu, imejaa machozi: "Namba Mbili hakosei kwa sababu ametengenezwa hivyo! Namba Saba anaunguza, anakubali, na kesho anarudi jikoni! Namba Saba, mimi ningekuoa hata bila chaji!"

Asi!

Nikatoka mbio. Soko lote lilikuwa limesimama, limeangalia mlango niliotokea. Na aliyekaa chini ya spika kabisa, na debe lake la ndengu, ni mamake Mueni. Kando yake ni Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Tseikuru, ameshika kamba ya mbuzi watatu. Mbuzi wangu. Wa Jumamosi. Nikatafuta shamba la kukatia kona, hakuna.

"Mutua," Abdi akaniita, "mimi nimekusikiza mara mbili. Wallahi umekosea. Chukua Namba Mbili. Mtu atakula makaa kila siku?"

Wauza nyanya wakamuunga mkono. Wauza vitunguu wakapinga. Mjadala wenu wa mwezi mzima ukafanywa upya kwa Kikamba kwa dakika tatu (na kwa hoja bora kuliko zenu). Mamake Mueni peke yake ndiye aliyeendelea kuchambua ndengu. Niliona Jumamosi yangu ikienda.

"Abdi," akasema mwishowe, bila kuniangalia, na mimi niko hatua tatu kutoka kwake. "Ambia huyo kijana..."

"Mutua, umeambiwa..."

"Sijamaliza! Mwambie nilikuwa najua kwa hiyo simu kuna msichana. Kumbe ni huyu wa chuma. Na mwambie tangu yule wangu aunguze hiyo muthokoi, nimekuwa nikingoja aje aseme amebadilisha nia. Sasa nimesikia kwa spika. Mtu akilia hivyo na anafikiri ako peke yake, hanidanganyi."

Akafunika debe.

"Mbuzi zije Jumamosi. Na wewe Abdi, hayo makaa unasema, nani alikuita ukuje kukula?"

Vigelegele! Wauza nyanya walihama upande papo hapo. Abdi alicheka mpaka akaniachia kamba, na mimi nilifurahi hadi nikamkumbatia mbuzi wa kwanza niliyemfikia.

"Abdi, muulize," mama akaendelea. "Huyo kijana wa katuni alioa nani?"

"Mwambie mama sehemu ya mwisho haijatoka," nikasema.

"Mwambie ikitoka, aiweke kwa spika."

Nilipofungua simu nikakuta ujumbe wa Mueni: "Nimekusikia mpaka huku nyumbani. Kwa hivyo mimi ndio Namba Saba?"

Nikajibu ndiyo.

"Sawa. Jumamosi napika muthokoi. Na utakula."

Nitakula yote, hata iliyoshika chini ya sufuria. Nyinyi wa Namba Mbili, chekeni leo mmalize, kwa sababu Jumamosi niko kwa wakwe na nitakuwa nimezima simu. Bluetooth pia.