Mpango wa Kumpumzisha Bibi

Jumanne, tarehe 6 Februari

Tumefika hotelini. Mimi, Bibi, sanduku moja na Mpango.

Hoteli ni kongwe kuliko Bibi. Iko katikati ya mji wa kale, mbele ya uwanja wa mawe, na ukutani kuna kibao cha shaba kinachosema uso wake haujabadilika tangu ijengwe. Bibi alipiga pasi mashuka ya hoteli hii kwa miaka ishirini na sita. Hajawahi kulala humu hata usiku mmoja. Daktari alipotaka magoti yake yapumzike, Mama na wajomba wakaamua aje siku nne kama mgeni. Nimetumwa mimi kumsindikiza kwa sababu nimemaliza shule, nangoja matokeo na, kwa maneno ya Mama, nyumbani sina kazi ila kupasha viti joto. Amri ni moja: Bibi asiguse kazi, hata kukunja leso yake mwenyewe.

Mimi nina sababu yangu. Zamani Bibi aliongea mpaka redio ikaona haya. Tangu ahamie kwetu, Mama amemnyang'anya ndoo, pasi na ufagio, kwa mapenzi tu, naye anakaa kitini na maneno yanazidi kupungua. Nimeanza kuyahesabu. Jumapili yalikuwa kumi na manne. Nadhani amechoka. Akipumzika vya kutosha yatarudi. Huo ndio Mpango.

Mwanzo haukuwa mzuri. Bawabu mwenye kofia alitufungulia mlango mkubwa. Bibi akampa mkono, akamuuliza habari za watoto, kisha akazunguka jengo zima na kuingilia mlango wa jikoni. Mimi nyuma yake na sanduku. Hajawahi kupita mbele, na miguu ilikataa kuanza leo.

Mapokezi nilishindwa kusema. Watu nisiowajua wakinitazama, ulimi unageuka gogo. Nikaandika majina yetu kwenye karatasi. Karani sasa anaamini mimi ni bubu. Ananisemesha kwa mikono, polepole, kwa heshima kubwa. Nimeona aibu kumsahihisha.

Maneno ya Bibi leo: ishirini na matatu. Karibu yote kwa bawabu.

Jumatano, tarehe 7 Februari

Nimeamka na jua, nikakuta kitanda cha Bibi kimeshatandikwa. Kona zimekunjwa kama bahasha. Shuka limevutwa likanyooka kama ngozi ya ngoma. Nilipoingia kuoga akatandika na changu. Beseni likang'aa, taulo zikarudi kwenye chuma chake, sanduku likaingia kabatini. Nilimkumbusha amri. Akasema, "Mke mwenzangu, kutandika si kazi, ni adabu." Huniita hivyo kwa ajili ya Babu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa.

Tukaenda kuzunguka uwanjani. Tuliporudi, juu ya kitanda cha Bibi alikuwa ameketi mwanamume mnene, anavua soksi.

Mambo yalikuwa hivi. Dada wa vyumba, msichana mpya aliye katika wiki yake ya majaribio, alichungulia, akaona chumba hakijaguswa, akaripoti kwamba wageni wa namba kumi na nne wameondoka. Karani akampa chumba muuza miwani. Muuza miwani alisema yeye ana ufunguo. Bibi akamjibu kwamba ufunguo anao, hakatai, ila amekalia kona yake, na kona ile haikukunjwa kwa ajili ya mtu anayevua soksi mchana. Alimweleza kwa kirefu, na jinsi ya kufua soksi akaongeza. Yule baba alitoka na kiatu kimoja mkononi, akiomba radhi.

Kisha akaja msimamizi wa vyumba. Nimempa jina la Bi Funguo, kwa sababu husikika kabla hajaonekana. Hakumfokea dada. Alimwambia tu, "Hilo la kwanza, mwanangu. La tatu unakwenda nyumbani." Dada akatazama viatu vyake. Nilitaka kusema kosa si lake. Gogo.

Maneno ya Bibi: mia moja na sita. Ajabu. Nimeandika pembeni: labda anapenda wauza miwani.

Alhamisi, tarehe 8 Februari

Mpango wa pili. Nimetundika mlangoni kile kibao cha "Tafadhali usisumbue". Dada hataingia, hataripoti kitu, Bibi atapumzika, sote tutapona. Nilijipongeza mpaka saa tano.

Saa tano nilishuka kumtafutia Bibi gazeti la picha. Niliporudi, alikuwa amechoka kungoja taulo safi, kwa hiyo alifua taulo nne, foronya mbili na gagulo lake, akavianika vyote kwenye roshani. Roshani ya mbele. Iliyo juu ya kibao cha shaba. Chini watalii walikuwa wakipiga picha, na mmoja alimweleza mwenzake kwamba hivi ndivyo mambo yalivyokuwa enzi hizo.

Meneja alipanda mwenyewe. Alisema uso wa jengo unalindwa na sheria. Bibi akauliza kama hiyo sheria imewahi kuona taulo nyeupe namna ile. Meneja alizitazama na, namheshimu kwa hili, akakiri hajaona. Lakini alitaka kujua kwa nini mgeni afue wakati yuko mtu wa kumletea taulo. Aliposema hivyo niliingiwa na hofu. Nikateleza nje, nikakivua kibao mlangoni, nikakificha ndani ya gauni.

Dada alipoitwa alisema hakuingia kwa sababu palikuwa na kibao. Wote wakatazama mlango. Hapakuwa na kibao. Kosa la pili.

Kwamba kilikuwa ushahidi wake wa pekee, hilo nililifikiria baadaye, nikiwa nimekaa bafuni.

Jioni dada alitupita na toroli lake, macho mekundu. Anahudumia vyumba kumi na sita peke yake, ndiyo maana anachungulia tu. Bibi alimtazama mpaka akapinda kona. Kisha akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikamwambia hotelini hakuna majembe. Akasema tutaona.

Maneno ya Bibi: arobaini na moja, pamoja na methali.

Ijumaa, tarehe 9 Februari

Bibi alisema anakwenda kunyoosha miguu. Saa tatu alikuwa hajarudi. Nilishuka mapokezi, nikamchora Bibi kwenye karatasi, na fimbo yake. Karani alinionyesha juu kwa mikono yote miwili.

Ghorofa ya tatu nilikuta toroli mlangoni pa chumba, na mlango uko nusu wazi. Ndani Bibi alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, na dada wa vyumba ameshika nyingine mbili. Bibi alikuwa anaongea.

Alikuwa anaongea kama bomba lililopasuka. "Vuta, mwanangu, shuka halina mifupa, haliumii." Alisema kwamba katika chumba cha pasi walikuwa wanakunja wawili wawili, na shuka likifika kunjo la nne umeshajua nani anaolewa na nani ameachwa. Alisema kulikuwa na kijana wa kubadilisha balbu aliyekuja kila siku kubadilisha balbu ya juu ya meza yake. Siku kumi na moja, balbu ile ile. Siku ya kumi na mbili Bibi akamuuliza ana shida na umeme au ana shida na yeye. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Kijana akajibu kwamba umeme hauna neno.

Huyo alikuwa Babu. Mimi namjua kwa picha tu, amekaa wima, hacheki. Nilisimama nje ya mlango nimeshika ukuta, sitaki hata kupumua.

Ndipo nikasikia funguo.

Bi Funguo alikuwa anapanda ngazi. Mgeni anatandika vitanda, dada anacheka sakafuni. Kosa la tatu. Nikatoka katikati ya ukumbi na kumzuia njia. Nilifungua mdomo, nao kwa mara ya kwanza ukatii. Nikasema, "Nimepotea."

Aliuliza nilikuwa nakwenda wapi. Nikasema sijui. Nyuma yangu Bibi akacheka kwa sauti kubwa. Nikakohoa juu ya kicheko hicho kadiri nilivyoweza. Bi Funguo alitazama mlango, akatazama toroli, akanishika mkono na kunishusha mpaka chini kabisa, kwenye chumba chake cha chai. Tulipopita mapokezi nilimwambia karani shikamoo. Kalamu ilimdondoka. Aliinua mikono juu kushukuru.

Chai ilikuwa ya moto. Nilitoa kibao ndani ya gauni, nilikokificha tangu jana, nikakiweka mezani, nikasema kosa la pili lilikuwa langu na la kwanza lilikuwa la adabu ya Bibi. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu baki. Bi Funguo alikichukua kibao, akakifuta kwa kiganja. Kisha akasema basi, makosa hayo yamefutika. Akasema pia kwamba tangu asubuhi ameona katika vyumba vya juu kona ambazo hajaziona tangu yeye mwenyewe alipokuwa msichana wa kufagia hapa, na hana swali. Magoti yake yanauma leo, hatapanda ngazi tena mpaka saa sita. Akaniuliza, kama anayeuliza habari za mvua, kama Bibi bado anakunywa chai bila sukari.

Nikasema ndiyo. Sijui amejuaje. Labda wameandika kwenye fomu.

Jambo kuu ni kwamba hakushuku kitu. Mpango wa kupotea umefaulu.

Maneno ya Bibi: nilipoteza hesabu kwenye balbu.

Jumamosi, tarehe 10 Februari

Tumeondoka. Bibi alipita mlango wa mbele. Alisimama kizingitini, akakipulizia pumzi kitasa cha shaba, akakisugua kwa leso, akamwambia bawabu hivyo ndivyo. Bi Funguo alitubebea sanduku mwenyewe. Yeye na Bibi walishikana mikono muda mrefu. Dada wa vyumba alitupungia kutoka roshani.

Nyumbani Mama aliuliza kama Bibi aligusa kazi. Nikasema hata leso. Mama akamkalisha Bibi kitini na mto mgongoni.

Maneno mpaka jioni: tisa.

Jumatatu, tarehe 12 Februari

Sasa nimeelewa. Bibi hakuchoka kazi, alichoka kiti. Mtu mwingine angekwenda kwa Mama na kumwambia hivyo waziwazi. Mimi nina Mpango.

Mama alipotoka asubuhi nilivuruga vitanda vyote vitatu. Nikazirusha foronya. Nikalikanyaga shuka la Mama kwa miguu, kwa heshima. Kisha nikaketi na kitabu, nikijifanya sioni. Baada ya muda mfupi nikasikia fimbo ikiegemezwa ukutani, na Bibi akaanza kuniita nikashike ncha ya pili. Mpaka mchana nimejua habari za mashangazi wanne, na balbu ya kumi na mbili.

Mama aliporudi alisimama mlangoni mwa chumba chake. Alisema hoteli imenifundisha kitu hatimaye. Nikasema asante. Sasa anataka Jumapili nikawaonyeshe wake za wajomba namna ya kukunja kona. Nitafikiria njia. Labda nitaumwa mkono.

Bibi hashuku kitu kabisa. Jioni tu, akiwa kitini, alisema kama anayezungumza na ukuta kwamba leo mtu fulani amesahau mto wa kushoto, na kwamba kabati la Mama nalo lipo, kama mtu huyo atakosa la kufanya kesho.

Sijui amejuaje kuhusu mto. Kesho nitakuwa mwangalifu zaidi.