Bwawa, Beseni na Mdomo Wangu

Mimi ni mtu wa kushtuka? Uliza Keroka nzima. Nimesukuma mkokoteni wa ndizi, nimelala chini ya lori la mtu, nimekuja nikanunua langu, nikaanguka nalo mpaka katikati ya shamba la chai la watu na nikatoka hapo kofia ikiwa bado kichwani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunishangaza mimi. Nimesema hivyo miaka mingi. Nimesema hivyo hata leo asubuhi nikinywa chai.

Ndugu zangu wa kundi hili, mtaisikia tu kwa wengine, kwa hivyo heri muisikie kwangu.

Jumapili hii tunaenda upande wa Nyamarambe kumwombea kijana wangu Dennis mchumba. Msichana anaitwa Moraa. Ni mwalimu, ana heshima, na amemfanya Dennis aanze kupiga shati pasi, jambo ambalo mama yake alishindwa nalo. Baba ya msichana alishatutoka, kwa hivyo neno la mwisho ni la mama. Huyo mama sikuwa nimemwona hata siku moja. Mshenga wetu, binamu yangu Nyakundi, ndiye amekuwa akienda na kurudi akitujengea jina. Wiki iliyopita Dennis aliniambia, "Baba, huyu nikimkosa sitafuti mwingine." Nikamwambia alale usingizi. Baba yake si mimi?

Sasa, leo huko huko Nyamarambe kulikuwa na mkutano. Kuna watu wanataka kujenga bwawa la umeme mtoni, na kabla hawajapewa leseni lazima wananchi waseme wanaonaje habari ya mazingira. Mimi nina maoni kuhusu mazingira. Maoni yangu ni kwamba bwawa hula simiti sana, na simiti iko dukani kwangu.

Mama Dennis alinikuta mlangoni nimevaa suti. (Ile mpya. Ya Jumapili. Alikuwa ameificha.) Akaniambia, "Baba Dennis, wiki ya kwenda kuomba msichana, mdomo hubaki nyumbani."

Nikamwambia Nyamarambe ni kubwa.

Nilikuta hema, viti vya plastiki, chifu, maombi, soda na mkate. Mtaalamu wa mazingira alikuwa mama mmoja kutoka Nairobi, mpole, ametundika ramani kubwa kama shuka. Akaeleza vizuri mpaka mimi wa darasa la sita nikaelewa: maji yatachepushwa kwa mfereji yakazungushe mitambo, halafu yarudi mtoni huko chini. Kile kipande cha mto cha katikati kitabaki na maji kidogo tu. Akataka kujua watu hukitumia kwa kazi gani. Kila neno lingeandikwa kwenye ripoti. Na kwa sababu wazee wengine hawasikii Kiswahili vizuri, kulikuwa na mkalimani wa Kikisii, mwalimu mstaafu mwenye sauti kama kengele ya shule.

Nilikaa mbele kabisa. Nikasimama wa kwanza. Nikajitambulisha kama mtu anayejijua: duka la vifaa vya ujenzi, Keroka, nimeanza na mkokoteni. Chifu akasema, "Mzee, maoni." Nikamwambia yako njiani. Nikaeleza habari ya lori. Chifu akasema tena, "Mzee, maoni." Basi nikasema bwawa lijengwe, na lijengwe nene. Nikaketi. Nikapigiwa makofi. (Na watu wawili hivi.)

Ndipo mama mmoja akasimama safu za nyuma. Mfupi, gambuti miguuni, kitambaa cheupe kichwani, mwavuli mkononi na jua linawaka. Akasema yeye hapingi umeme, hata yeye ana simu ya kuchaji. Lakini katika kipande hicho cha mto ndiko kuna kidimbwi ambacho kanisa lao hubatizia watu. Yeye alizamishwa hapo. Watoto wake wote walizamishwa hapo. Sasa maji yakibaki ya kufika kwenye kifundo cha mguu, mtu atazamishwa namna gani, alazwe ubavu?

Watu wakaguna kwa kukubali. Mtaalamu akainama anaandika mbio. Mimi nikaona simiti yangu inasombwa na mto.

Nikachukua kipaza sauti bila kupewa.

"Mama," nikasema, "wewe si ulishabatizwa? Umebaki na dhambi gani kubwa hivyo, zinazotaka mto mzima?"

Hema likaangua kicheko. Halafu mkalimani akaisema kwa Kikisii, wazee nao wakacheka, tena kuliko wale wa kwanza. Jamani, nimechekesha watu maisha yangu yote, lakini sijawahi kuvuna kicheko mara mbili kwa mbegu moja. Utamu ukanipanda kichwani.

"Lakini usijali," nikaendelea. "Mimi mwenyewe nitawanunulia beseni. Beseni la kumtosha mtu mzima. Na kwa wale wa dhambi sugu, nitaongeza sabuni."

Mkalimani alipofika kwenye sabuni alionyesha na kwa mikono, anajisugua mgongo. Mzee mmoja alishikwa na kikohozi, akatolewa nje.

Yule mama hakukasirika. Alingoja tu, kama mtu anayengoja mvua ipungue. Kicheko kilipoisha akaomba kipaza sauti, akamwambia mtaalamu kwamba alisahau kutaja jina, na ripoti inataka majina.

"Mimi ni Mama Moraa," akasema. "Nyumbani ni hapo chini ya soko. Jumapili napokea wageni kutoka Keroka wanaokuja kumwomba binti yangu. Mshenga ameniambia baba ya kijana anauza simiti, na kwamba ni mtu wa maneno machache. Nilitaka kumuuliza huyu mzee kama anamfahamu."

Kimya. Halafu mkalimani akaisema kwa Kikisii, polepole, bila kuruka neno. Kimya cha pili kilikuwa kizito kuliko cha kwanza.

Kwa wale wa kundi ambao si wa kwetu, niwaeleze. Sisi mkwe hataniwi. Hutaji kuoga mbele yake, hutaji mwili wake, hata ukikaa karibu naye unapima kwanza. Mimi nilikuwa nimemtajia dhambi, beseni na sabuni. Kwa kipaza sauti. Kwa lugha mbili. Mbele ya chifu.

Na nilikuwa nimeshauma mkate. Sikujua nimeze au nitoe.

Nikaamua kutoka kwa heshima, kinyumenyume, nimeinamisha kichwa. Mguu ukanasa kwenye kamba ya hema. Nikaivuta ili nijitoe, upande mmoja wa hema ukashuka taratibu ukawafunika wazee wa safu ya mbele. Huko chini ya turubai nikasikia sauti ya mkalimani anawaelezea kilichotokea.

Nilikuwa nimefika kwenye gari mtaalamu aliponiita. Alikuwa na adabu kabisa. Akasema nisiondoke, sheria ya mikutano hii ni kwamba mtu asomewe maoni yake ayathibitishe. Akasoma kwa kipaza sauti: mzee wa Keroka anapendekeza bwawa lijengwe, nene. Anaahidi kulinunulia kanisa beseni la ubatizo la kumtosha mtu mzima, pamoja na sabuni. "Ni sahihi?"

Mama Moraa alikuwa ananitazama.

"Ni sahihi," nikasema. "Na uandike samahani."

Akaandika samahani.

Kabla sijafika Keroka Dennis akapiga simu. Kumbe kuna mtu alinirekodi, na video ilikuwa imeshamfikia. Nilingoja anigombeze. Akaniuliza tu, "Baba, na sabuni?" Halafu akakata simu, na swali hilo la mtoto wangu ndilo lililoniumbua kuliko hema lote. Nikasimamisha gari kando ya barabara. Nikampigia Nyakundi, nikamwambia aende kwa huyo mama sasa hivi, apige magoti kwa niaba yangu, suti yake si mpya.

Saa kumi Nyakundi akarudi. Alikuwa na jibu na alikuwa amekula vizuri. Mama anasema wageni waje Jumapili kama ilivyopangwa. Anasema marehemu mume wake alikuwa na mdomo wa namna hiyo hiyo, na tangu aende nyumba imekuwa kimya mno. Mtaalamu ameshamwahidi kuandika kwamba kidimbwi kiachiwe maji yake. Lakini ahadi ni ahadi, na beseni lazima litangulie kabla ya wageni. Wazee wa kanisa wamekaa, wakakubaliana kwamba beseni la kumtosha mtu mzima, kwa lugha ya duka, ni tangi la lita elfu tano, la kukingia maji ya mvua pale kanisani. Sabuni wamenisamehe.

Nilimpigia Dennis kumwambia. Akacheka mpaka akaanza kulia. Au alianza kulia ndipo akacheka, sikuweza kujua.

Matangi hayo ninayo dukani kwangu, yamepangwa pale nje. Nikamwambia Mama Dennis, ambaye ndiye hushika hesabu za duka, anitolee moja kwa bei ya jumla, kwani mwenye duka si mimi? Akavaa miwani, akafungua kitabu cha risiti, akasema bila kuniangalia, "Bei ya jumla ni ya watu wa maneno machache."

Nimelipa shilingi elfu thelathini na nne, mia sita na hamsini.